Mvulana wa Turkana: Kijana aliyekufa kabla ya kumaliza kukua

Mashuhuri wengi unaosoma habari zao wameacha picha, hotuba au angalau jina walilopewa na mama zao. Huyu wa leo hana hata kimoja. Hakuna anayejua mamake alimwita nani, alipenda kula nini, wala alikuwa na ndugu wangapi. Hata hivyo, taja habari zake mbele ya wataalamu wa mifupa popote duniani na utaona wakiinua vichwa. Wanamwita Mvulana wa Turkana. Alifariki takriban miaka milioni 1.5 hadi 1.6 iliyopita, katika ardhi ambayo leo ni yetu, Kenya.

Kama unaishi Webuye, huyu si mtu wa mbali. Simama pale barabara ya Malaba inapokutana na ile ya kwenda Kitale. Fuata hiyo ya Kitale, upite Kapenguria, uteremke kwenye joto hadi Lodwar, kisha uelekee kaskazini upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Huko ndiko kwa akina huyu kijana. Yaani lori la mizigo linalopita hapo kwenu asubuhi linaweza kuwa linaelekea nyumbani kwake.

Na kuna sababu nyingine ya kumsoma. Alikufa akiwa bado anakua, kama wewe unayesoma haya ukiwa Fomu Tatu ama umemaliza shule juzi. Mifupa yake iligandishwa na wakati katikati ya kazi hiyo, na kupitia kwake tumejua jambo kubwa kuhusu utoto wetu sisi binadamu.

Kipande kidogo kwenye kokoto

Ilikuwa Agosti 1984. Kikosi cha watafiti wakiongozwa na Richard Leakey na Alan Walker kilikuwa kimepiga kambi karibu na Mto Nariokotome, mto wa msimu ambao muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu. Katika kikosi hicho alikuwemo Kamoya Kimeu, Mkamba aliyekuwa ameanza kazi na familia ya Leakey mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kamoya hakuwa amepita chuo kikuu, lakini kwa kutambua mfupa wa kale juu ya ardhi, wachache sana duniani wangemfikia.

Siku hiyo wenzake walikuwa wakipumzika. Yeye akatoka kutembea. Kwenye mteremko uliojaa kokoto nyeusi akaona kipande kidogo cha mfupa, nacho cheusi vilevile. Mimi na wewe tungekanyaga tukapita. Kamoya akainama. Kilikuwa kipande cha paji la uso la binadamu wa kale.

Wengi walidhani hakuna zaidi ya hapo, maana kawaida ukipata kipande kimoja unashukuru na kuondoka. Lakini walipoanza kuchekecha mchanga, vipande vingine vikatokea. Halafu mbavu. Halafu taya, uti wa mgongo, nyonga, mifupa ya mapaja. Uchimbaji ukaendelea kwa misimu kadhaa. Mwishowe walikuwa na mifupa na vipande zaidi ya 100 vya mtu mmoja. Kwa mabaki ya umri huo, hilo lilikuwa jambo ambalo halijawahi kuonekana. Viganja na nyayo ndivyo karibu vyote vilivyokosekana.

Mwaka wa 1985 maelezo ya kisayansi kumhusu yakachapishwa. Mwaka huohuo Kamoya akatunukiwa nishani na shirika la National Geographic, akaipokea mikononi mwa Rais Ronald Reagan, Ikulu ya Marekani. Kwenye daftari la makavazi kijana akapewa nambari: KNM-WT 15000. Jina la kisayansi la jamii yake ni Homo erectus, ingawa wataalamu wengine huiita Homo ergaster.

Alivyokuwa

Umbo la nyonga na uso wake liliwafanya wachunguzi waamini alikuwa wa kiume. Alikuwa mrefu. Siku anakufa alikuwa na urefu wa takriban sentimita 160, na bado alikuwa mtoto. Miguu yake ilikuwa mirefu, ya mtu wa kutembea na kukimbia kwenye uwanda, si ya kupanda miti. Kwa muda mrefu alichorwa kama kijana mwembamba kama fito, lakini mwaka wa 2020 wachunguzi waliojenga upya kifua chake kwa kompyuta walionyesha kwamba kilikuwa kipana na kinene kuliko ilivyodhaniwa.

Ukimwona kwa mbali akitembea, ungemdhania msee wa kawaida tu. Angekaribia ndipo ungeshtuka: paji limelala, mfupa juu ya macho umetokeza, kidevu hakuna. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa takriban sentimita za ujazo 880, wakati wako ni kama 1,350 hivi.

Nyayo zake zilipotea, lakini ng’ambo ya pili ya ziwa, pale Ileret, kuna nyayo zilizokanyagwa kwenye tope miaka milioni 1.5 iliyopita na watu wanaodhaniwa kuwa wa jamii yake. Zina kidole gumba kilichonyooka na upinde katikati ya wayo, kama unavyoona ukitoka kuoga na kukanyaga sakafu. Na huko Kokiselei, upande uleule wa magharibi alikoishi, yamepatikana mashoka ya mawe yaliyochongwa pande mbili, ya umri wa miaka milioni 1.76. Kwa hivyo huyu alizaliwa miongoni mwa watu waliojua kuchonga jiwe. Mazingira yake hayakuwa jangwa la leo. Kulikuwa na mto, kinamasi, nyasi na wanyama wakubwa wa majini.

Sasa, je, alikufa akiwa na miaka mingapi? Hapo ndipo kesi ilipoanza. Ili uifuate, lazima kwanza ujue kinachoendelea ndani ya mifupa yako mwenyewe.

Mjengo usiofungwa

Wengi hudhani mfupa ni kama jiwe lililofunikwa na nyama. Hapana. Mfupa uko hai, una damu, una mishipa ya fahamu, na una wafanyakazi.

Ufikirie kama nguzo ya zege. Ndani kuna nondo, na nondo za mfupa ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kisha kuna saruji, ambayo ni madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyoganda juu ya nyuzi hizo. Unaweza kulijaribu jambo hili nyumbani, na kwenu Webuye mfupa wa kuku haukosi. Uloweshe kwenye siki kwa siku kadhaa. Siki itakula madini na mfupa utaanza kupinda kama mpira, maana zimebaki nondo peke yake. Mwingine uchome kwenye jiko hadi ugeuke mweupe. Utavunjika kama chaki, maana nondo zimeungua ikabaki saruji tupu. Nguvu ya mfupa inatokana na viwili hivi kukaa pamoja.

Kwenye mjengo huu kuna seli za aina tatu kuu. Osteoblasti ni mafundi wa kujenga: hutandika kolajeni na kuacha madini yagande juu yake. Baadhi yao hujifunika kabisa na kazi yao wenyewe, wakabaki ndani ya vijumba vidogo. Hao sasa huitwa osteosaiti, nao ndio walinzi. Huwasiliana kupitia vijinjia vyembamba mno, wakisikiliza ni wapi mfupa unabeba uzito mwingi na ni wapi umepata ufa. Wa tatu ni osteoklasti, seli kubwa zenye viini vingi, kazi yao kubomoa mfupa uliochakaa ili mafundi wajenge upya. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa yake hubadilishwa kila mwaka.

Ukikata kipande chembamba cha mfupa mgumu na kukiweka chini ya hadubini, utaona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Kila kitunguu kimoja huitwa osteoni, na upana wake ni kama sehemu 2 kwa 10 za milimita. Katikati yake kuna mfereji unaopitisha mishipa ya damu. Mifereji hiyo ilipewa jina la Clopton Havers, daktari Mwingereza aliyeieleza katika kitabu chake cha 1691.

Lakini mfupa huo unarefuka vipi? Haunyooki kama raba. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu kuna bamba la gegedu, ile tishu laini inayofanana na ya sikio lako. Ndani ya bamba hilo seli hujipanga kama sarafu zilizorundikwa. Zinagawanyika, zinavimba, zinasukuma ncha mbele, halafu zinakufa, na mafundi wa mfupa wanaingia kuchukua nafasi yao. Ndivyo ulivyorefuka hadi suruali ya mwaka jana ikakuaibisha.

Wakati wa kubalehe homoni huharakisha kazi hiyo, kisha huifunga. Bamba hugeuka mfupa, ncha na shina vikawa kitu kimoja, na urefu ukaisha. Kiwiko hufunga mapema kuliko goti. Kwa wasichana wengi mifupa mirefu hufunga karibu na miaka 14 hadi 16, na kwa wavulana 16 hadi 18. Ile ya bega inayopita chini ya shingo inaweza kungoja hadi miaka ya ishirini na kitu.

Saa tatu zisizokubaliana

Sasa rudi kwa kijana wetu. Wachunguzi walitazama mifupa yake mirefu wakakuta bado ilikuwa na nafasi ya kukua. Walipoilinganisha na ya watoto wa leo, wakapata takriban miaka 13. Wakatazama meno, yepi yameota na yepi bado. Meno yakasema kama 11. Wakapima urefu. Urefu ukasema 15.

Mtu mmoja, saa tatu, na hakuna inayokubaliana na nyingine. Kwa mtoto wa leo saa hizi hutofautiana kidogo, lakini si kwa kiasi hiki. Kumbe tatizo lilikuwa kipimo chenyewe. Walikuwa wakimpima kwa rula ya kwetu, kana kwamba alikua kama sisi.

Hapo hadubini ikaingia. Jino lina sifa moja ambayo mfupa hauna: gamba lake gumu likishajengwa halibomolewi tena. Na linapojengwa huacha alama ndogo ya kila siku, pamoja na mistari mikubwa zaidi kila baada ya siku kadhaa, kama mti unavyoacha duara za miaka. Mfupa hujifuta na kujiandika upya, ila jino hutunza kalenda yake.

Kwa kutumia mistari hiyo, mwaka wa 2009 Christopher Dean na Holly Smith walikadiria kwamba Mvulana wa Turkana alikufa akiwa na takriban miaka 8.

Soma tena. Miaka 8, na urefu wa sentimita 160. Hebu mtazame mtoto wa darasa la tatu mtaani kwenu. Huyu wa Nariokotome angesimama karibu naye kama kaka wa sekondari.

Maana yake ni kwamba jamii yake ilikuwa na mwili unaokaribia wetu, lakini haikuwa na utoto kama wetu. Walikua haraka. Yule kijana hakuwa na miaka mingi iliyobaki kabla ya kuwa mtu mzima. Ndiyo sababu makadirio ya urefu wake wa mwisho nayo yalibadilika. Mwanzoni ilidhaniwa angefika sentimita 185. Baadaye, kwa kuzingatia kwamba alikuwa karibu kumaliza, kuna waliosema asingepita sana 163.

Sisi tunakua polepole. Kwa miaka mingi tunabaki wadogo, tunalishwa, tunafundishwa kuongea, kuhesabu, kuvuka barabara. Mara nyingine unaona kero: umefika miaka 16 na bado unaombwa ripoti ya shule na kuulizwa ulikuwa wapi. Ila huo muda mrefu ndio uliotupa nafasi ya kujifunza vitu ambavyo mtoto wa miaka 8 aliye karibu kuwa baba hangepata muda wa kujifunza. Yeye hakuwa nao.

Siku zake za mwisho

Mwili wake ulibeba dalili za taabu. Katika taya la chini, upande wa kulia, gego la utotoni lilikuwa limetoka karibuni, na mfupa wa pale ulionyesha kwamba fizi zilikuwa zimeambukizwa. Alan Walker alifikiri kwamba huenda maambukizi hayo yaliingia kwenye damu na kumuua. Hilo linabaki kuwa dhana, lakini si la kuchekesha. Bila dawa, jino bovu linaweza kuua.

Mgongo nao ulizua mabishano. Kuna waliosema alizaliwa na ugonjwa wa mifupa. Uchunguzi wa baadaye, mwaka wa 2013, ulipinga hilo na kueleza badala yake kwamba huenda aliumia kiunoni, moja ya zile pedi zilizo kati ya pingili ikahama mahali pake. Kama ni hivyo, basi kwa muda kabla ya kufa alikuwa akitembea na maumivu.

Alipoanguka, alianguka mahali penye maji ya kina kifupi. Mifupa haikuonyesha meno ya simba wala fisi. Mwili ukaoza taratibu, wanyama wakubwa wakapita wakakanyaga na kutawanya baadhi ya mifupa, kisha tope likafunika. Madini yakajipenyeza pale palipokuwa na uhai. Miaka ikapita, milioni moja na nusu, hadi Kamoya alipotoka kutembea.

Baada ya kifo hakupata amani kamili. Kabla ya Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi kufunguliwa upya mwaka wa 2008, baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga aonyeshwe kama ushahidi wa mageuko ya binadamu. Mjadala ulikuwa mkali, na pengine hata nyumbani kwenu utaweza kuuanzisha leo jioni. Mifupa yake bado inahifadhiwa na makavazi hayo.

Na wewe je?

Yeye alikuwa na miaka michache tu ya kukua. Wewe una karibu ishirini, na mabamba yako ya gegedu yakiwa wazi ni sehemu dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Kijana anayeanguka na bodaboda kwenye barabara ya Kitale, au anayepigwa kifundo uwanjani, anaweza kuvunja bamba hilo bila mfupa kutokeza popote. Nje utaona uvimbe tu. Watu watasema ameteguka, akandwe. Ukikanda mvunjiko kabla ya eksirei unaweza kuuhamisha, na bamba likiharibika linaweza kufunga kabla ya wakati. Mguu mmoja ukabaki mfupi, au ukakua ukipinda. Mtoto au kijana ambaye bado anakua, akiumia karibu na kiungo na hawezi kukanyaga au kushika kitu, ni hospitali kwanza. Hilo si jambo la kungoja Jumatatu.

La pili ni benki. Hadi unapofika miaka 18 au 20, takriban asilimia 90 ya mfupa utakaokuwa nao maishani imeshajengwa. Kuanzia miaka ya thelathini na kuendelea, wabomoaji huanza kuwashinda wajenzi kidogo kidogo. Anayeweka kidogo akiwa kijana atatoa kidogo akiwa mzee, na mara nyingi ni nyonga inayodai. Na usidhani lazima uwe na pesa nyingi. Omena huliwa na miba yake, na kalsiamu iko humo. Ugali wa wimbi ambao nyanya anausifu una kalsiamu nyingi mara nyingi kuliko wa mahindi meupe. Kuna maziwa, na kuna mboga za kienyeji. Jua la Webuye linakusaidia kutengeneza vitamini D bure. Kukimbia, kuruka na kubeba uzito wa kiasi huwaambia wale walinzi waite mafundi.

Mvulana wa Turkana hakuwa na eksirei wala dawa ya jino. Alikuwa na mwili uliokuwa na haraka. Ukiwahi kufika Nairobi ukiwa na nafasi, nenda makavazi ukamtazame. Angalia ncha za mifupa yake mirefu, pale penye mstari kati ya kichwa cha mfupa na shina. Huo ndio ukuaji wenyewe, ulipokatikia.